GPS ya mkononi yenye ramani za kina: eTrex 32x, GPSMAP 65s, GPSMAP 67, Montana 700, au simu inatosha?

Mtu akitaka kununua GPS ya mkononi ya kwenda nayo porini au milimani, maswali yanayomtoka kwanza ni yale yale, inashika setilaiti haraka? inaingia maji? ina dira? halafu ramani anakuja kuikumbuka akishalipa na kufungua boksi. Mi nashauri ugeuze hiyo foleni kabisa, ramani ikae mbele, kioo cha kuisomea kifuate, betri baada ya hapo, na hayo mengine yote yasubiri. Nitalinganisha vifaa vinne ambavyo ndo watu wengi wanavipigia hesabu, eTrex 32x, GPSMAP 65s, GPSMAP 67 na Montana 700, vyote vya Garmin kwa sababu kwenye hizi za mkononi zenye ramani Garmin ndo kashika sehemu kubwa ya soko, na wa tano ni simu yako mwenyewe maana hiyo ipo kwenye mashindano utake usitake.

Suala la setilaiti tulimalize mapema. Zamani serikali ya Marekani ilikuwa inayachafua makusudi mawimbi ya GPS ya raia, kosa liliweza kufika mita 100, yaani unaambiwa uko njiani kumbe uko ng'ambo ya mto. Hilo lilizimwa tarehe 2 Mei 2000. Leo ukiwa sehemu ya wazi kifaa chochote kati ya hivi kitakupa mahali ulipo kwa kosa la mita 3 mpaka 5 hivi, na kwa mtu anayetembea kwa miguu hiyo inatosha sana. Tofauti zinatokea kwenye msitu mnene na mabonde membamba, nitalirudia hilo huko chini, ila kwa matumizi mengi usinunue kifaa kwa sababu eti kinashika setilaiti nyingi.

Ramani yenyewe

Hapa ndo pesa zinapotea. Boksi kuandikwa kwamba kifaa kina ramani haina maana kina ramani unayoihitaji. Kuna ile ramani ya msingi ya dunia nzima ambayo inakuwemo tu, hiyo ni barabara kuu na miji mikubwa basi, ukiivuta karibu unabaki na kishale chako katikati ya kioo cheupe. Halafu kuna TopoActive, hii ndo Garmin wanaiweka kwenye vifaa vyote vinne, ina njia za miguu, mito, misitu, kontua (ile mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa), na inaweza kukupangia njia ya kupita. Lakini inawekwa ya ukanda ule kifaa kilikouzwa. Ukinunua kifaa kilichokusudiwa soko la bara jingine unaweza ukakuta ramani safi kabisa ya milima ambayo hutaikanyaga maisha yako yote, na ya kwako haimo. Kabla ya kulipa muulize muuzaji jina kamili la ramani iliyomo, asikwambie tu ina ramani.

Na tahadhari nyingine kubwa, jina la familia lisikudanganye. eTrex SE na eTrex Solar zilitoka 2023, ni mpya kuliko eTrex 32x ya 2019, betri zake zinadumu ajabu, lakini kwenye kifaa chenyewe hazina ramani, kioo ni cha rangi moja kinaonyesha pointi zako na mstari wa ulikopita, ramani utaiona ukiunganisha na simu. Mtu anaona mpya, anaona bei nzuri, ananunua, halafu anahangaika kutafuta ramani imefichwa kwenye menyu gani. Haijafichwa, haipo. Hizo ni nzuri kwa mtu wa kuchukua koodineti na kurudi alikotoka, siyo kwa mtu anayetaka kusoma ardhi.

Sasa TopoActive yenyewe imetengenezwa kwa data za OpenStreetMap, ule mradi ulioanza 2004 ambao watu wa kujitolea wanachora ramani ya dunia. Hii ina maana kubwa kwa uamuzi wako. Kabla hujanunua chochote fungua tovuti ya OpenStreetMap, nenda eneo unalolijua kwa miguu yako, litazame kwa karibu. Kile kijia kinachokata kulia baada ya daraja kipo? Chemchemi ipo? Pale njia inapogawanyika mara mbili pameonyeshwa au kuna mstari mmoja tu? Kama havipo, basi usitegemee kuvikuta kwenye TopoActive, na usitegemee pia kuvikuta kwenye zile ramani za bure nyingi maana zote zinachota kisima kimoja. Na kama vipo, umeshapata jibu zuri: ramani ya bure itakutosha na huna haja ya kulipia nyingine.

Hizo za bure zinapatikana kirahisi, OpenTopoMap wana za Garmin, Freizeitkarte pia, na kwa waendesha baiskeli za milimani kuna OpenMTBMap. Unapakua faili inayoishia na .img, unaiweka ndani ya folda inayoitwa Garmin kwenye memori kadi, unarudisha kadi, unawasha kifaa, unaingia kwenye mpangilio wa ramani unaiwasha. Kitu ambacho watu wanasahau ni kuizima ile nyingine ya eneo hilo hilo, kwa sababu ramani mbili zikiwaka juu ya sehemu moja, moja inaifunika nyingine, halafu mtu analalamika ramani mpya haionekani. Vifaa vyote vinne vina sehemu ya memori kadi kwa hiyo hapa hakuna mshindi, ingawa ndani eTrex 32x ina GB 8 na 65s ina GB 16, na kadi moja ndogo inamaliza tofauti hiyo.

Kontua nazo zina hadithi yake. Kwenye ramani nyingi za bure kontua hazikupimwa na mtu aliyefika pale, zimetolewa kwenye data za rada iliyobebwa na chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000, kilichopima ardhi kuanzia latitudo ya 60 kaskazini mpaka 56 kusini, karibu asilimia 80 ya nchi kavu yote ya dunia. Kazi nzuri sana, lakini vipimo vyake vimeachana kama mita 30 ardhini. Maana yake mlima utauona, bonde utaliona, mgongo wa kilima utauona, ila jabali lililosimama wima mita 15 linaweza kulala kimya kabisa kati ya kontua mbili za mita 20 na ramani ikakuonyesha mteremko wa kawaida. Kwa hiyo mtu anayekwenda kwenye miamba asiiamini kontua ya namna hiyo kwa kushuka gizani. Kama eneo lako lina ramani rasmi ya serikali iliyopimwa vizuri kwa skeli ya 1:25,000 au 1:50,000 na inauzwa kwa ajili ya GPS, hiyo ndo ya kulipia, pale pesa inakwenda mahali pake. Kwa skeli ya 1:25,000 sentimita moja ni mita 250 ardhini, kwa 1:100,000 sentimita hiyo hiyo ni kilomita nzima, sasa fikiria ni vijito vingapi vinapotea hapo katikati.

Kuna ramani za picha na kuna za vekta. Ya picha ni kama karatasi iliyopigwa skani, inapendeza, macho yaliyozoea ramani ya karatasi yanaisoma haraka, ila ukiivuta karibu sana inakuwa ukungu, na huwezi kuiambia itafute mto fulani au ipange njia. Ya vekta imechorwa kwa mistari na pointi, ukivuta karibu inabaki kali, unaweza kutafuta jina, unaweza kupangiwa njia. Kwa kioo kidogo mi nachukua vekta bila kusita. Na kama una ramani ya karatasi ya eneo dogo unaweza kuigeuza kuwa faili ya KMZ ukaipakia mwenyewe, inafaa kwa hifadhi au shamba moja, siyo kwa mkoa mzima maana vifaa vinaweka kikomo cha vipande vya picha vinavyoruhusiwa.

Picha za setilaiti je? GPSMAP 67 na Montana 700 zinaweza kuzishusha moja kwa moja kwa waifai bila kulipia kila mwaka. Kwenye eneo ambalo ramani haijachorwa vizuri hii inasaidia mno kuliko watu wanavyodhani, unaona uwazi msituni, unaona mstari wa miti unaofuata mto, unaona njia ya ng'ombe ambayo hakuna mtu ameichora. Kama OpenStreetMap ya kwenu ni nyeupe, hiki kitu peke yake kinaweza kukuhamisha kutoka eTrex kwenda 67.

Kioo

Ramani ya kina kwenye kioo kibaya ni fujo ya rangi tu. Na hapa kuna jambo wauzaji hawalisemi. GPSMAP 65s ni kubwa kuliko eTrex 32x, kioo chake ni inchi 2.6 dhidi ya 2.2, mtu anaishika anaona hii ndo ya wakubwa. Lakini 65s ina pikseli (vile vidoti vinavyojenga picha kwenye kioo) 160 kwa 240, eTrex 32x ina 240 kwa 320. Piga hesabu, yule mdogo ana pikseli mara mbili kamili ya yule mkubwa. Kontua zikibanana kwenye mteremko mkali eTrex inakuonyesha mistari iliyotengana, 65s inaanza kuonyesha doa la kahawia. Majina ya vijito kwenye 65s yanakuwa na ngazi ngazi pembeni za herufi. Inasomeka, ila ukishaona tofauti huwezi kuisahau.

GPSMAP 67 ina inchi 3 na pikseli 240 kwa 400, hapo unaanza kuona bonde zima bila kusogeza sogeza. Montana 700 iko dunia nyingine, inchi 5, pikseli 480 kwa 800, hiyo unaiweka mezani watu watatu mnaangalia pamoja mnapanga kesho. Na kwa mtu ambaye macho yake ya karibu yameshachoka sitamshauri kingine, ramani isiyosomeka bila miwani halafu miwani imejaa mvua haina faida.

Vioo vya hizi GPS vina tabia ambayo simu haina, jua likizidi kuwaka vinazidi kuonekana, kwa sababu vinatumia mwanga wa nje kujimulika. Saa sita mchana kwenye mteremko usio na kivuli unaizima taa ya kioo kabisa na ramani inasomeka safi. Dukani chini ya taa za ndani vinaonekana hafifu, vimefifia, mtu analinganisha na simu yake anacheka. Usikipime kioo dukani, toka nacho nje juani hata mlangoni tu, kigeuze geuze, ndo utaelewa ulichonunua.

Ya batani au ya tachi

eTrex 32x ina kijiti kidogo cha kusukuma kwa kidole gumba, GPSMAP zote mbili zina batani za kutosha, Montana ni tachi. Kwenye kiti nyumbani tachi inashinda kwa mbali, unasogeza ramani kwa kidole, unaandika jina la pointi kama unavyoandika meseji. Kwenye kijiti cha eTrex kuandika jina la herufi kumi ni kazi, herufi moja moja unazifuata, nakwambia ukweli. Lakini mvua ikinyesha mambo yanageuka. Nimeshika kifaa cha tachi kwenye mvua kubwa, matone yanagonga kioo na ramani inasogea yenyewe, inajivuta mbali, inajivuta karibu, pointi inajiweka katikati ya ziwa, ukifuta kwa mkono uliolowa unazidi kuharibu. Kuna namna ya kufunga kioo lakini ukikifunga ndo huwezi kuitumia tena. Na glavu nene za baridi nazo mara nyingi hazipatani vizuri na tachi. Batani zinafanya kazi na mkono uliolowa, wenye matope, wenye glavu, bila hata kuangalia maana kidole kinakumbuka kilipo.

Mi kwa miguu ni mtu wa batani. Kwa pikipiki, gari au mtumbwi ningechukua tachi ya inchi 5 kwa sababu pale kifaa kimefungwa mahali, unakitazama kwa mbali, huhitaji kukishika shika.

Betri

eTrex 32x na 65s zinatumia betri mbili za AA, wenyewe wanasema saa 25 kwa eTrex na saa 16 kwa 65s. GPSMAP 67 ina betri ya ndani ya kuchaji, wanasema mpaka saa 180 kwa matumizi ya kawaida na saa 840 ukiiweka kwenye hali ya safari ndefu ambapo inapunguza kuchukua pointi. Montana 700 saa 18. Hizo ni namba za kiwandani, ukiwasha taa ya kioo muda wote na kucheza na ramani zinashuka, ila uwiano wake unabaki vile vile.

Ukizisoma hivi 67 ndo mshindi hamna mjadala, na kwa kweli kwa safari ya wiki nzima unaweza usibebe chaja. Ila swali ni hili, betri ikiisha unafanya nini? Ukiwa na AA unafungua mfuniko unaweka nyingine unaendelea, na AA zinapatikana karibu popote penye duka, unaweza kumwomba mwenzako za kwenye tochi yake. Ya ndani ikiisha unahitaji pawa benki, waya, na muda wa kusubiri. Na betri ya ndani inazeeka, miaka ikipita haitabeba chaji kama mwanzo, kuibadilisha siyo kazi ya kufanyia kambini. Montana wao wametafuta njia ya kati, betri yake inachomoka, na kuna pakiti ya kununua pembeni inayobeba AA, hilo ni wazo zuri sana nawapa heko.

Kama unachukua za AA basi chagua aina. Alkalaini za kawaida kwenye baridi kali zinakata mapema hata kama zilikuwa mpya asubuhi. Za lithiamu za kutupa ni nyepesi na zinavumilia mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri. Za kuchaji za NiMH ndo za kila siku, ila ingia kwenye mpangilio ukiambie kifaa umeweka aina gani, maana NiMH ina volti 1.2 badala ya 1.5 na kifaa kikidhani ni alkalaini kitakuonyesha betri iko chini wakati bado ina nguvu.

Setilaiti kwenye sehemu ngumu, mwinuko na dira

Nilisema nitarudi. Chini ya miti mirefu iliyofunga au kwenye korongo lenye kuta za mawe, mawimbi hayaji moja kwa moja, yanagonga ukuta kwanza ndo yanafika kwako, kifaa kinahesabu umbali mrefu kuliko ulivyo na mstari wa njia yako unakuwa kama umechorwa na mtoto. GPSMAP 65s na 67 zinasikiliza masafa mawili kwa pamoja, lile la zamani la L1 na jipya la L5, na L5 inasaidia kutenganisha mawimbi ya kweli na yaliyodunda. Pia zina antena ile ndefu inayochomoza juu, inashika vizuri ukiwa umeisimamisha au umeining'iniza kwenye mkanda wa begi. eTrex 32x inasikiliza L1 tu, GPS ya Marekani na GLONASS ya Urusi, na inapenda uso wake uelekee juu. Kwa hiyo mtu wa msitu mnene, anayepima mipaka au kutafuta alama ndogo ardhini, hapo 65s inalipa hata na kioo chake kile cha pikseli chache. Kwa mtu wa nyika na vilele vya wazi hataiona tofauti.

Jambo moja linalofanana kwa zote, ukisafirisha kifaa mbali sana kikiwa kimezimwa, siku ya kwanza kiwashe sehemu ya wazi ukiache kitulie kama robo saa kabla hujaanza kutembea, maana orodha nzima ya setilaiti zilipo inatangazwa kwa dakika 12 na nusu ndo inakamilika.

Vifaa vyote vinne vina baromita ya kupima mwinuko na dira ya elektroniki. Wanaotaka kupunguza bei wanaangalia eTrex 22x na GPSMAP 65 isiyo na s, hizo ni zile zile ila wametoa hivyo viwili. Dira ukiikosa kifaa kinajua unaelekea wapi pale tu unapotembea, ukisimama kwenye njia panda ramani inageuka ovyo, na njia panda ndo mahali hasa unaposimama kutazama ramani. Kwa hiyo hiyo tofauti ndogo ya bei mi ningeilipa. Ila irekebishe dira kila ukibadilisha betri, na baromita uiambie mwinuko sahihi ukifika sehemu inayojulikana, kwa sababu hewa ikibadilika usiku unaweza kuamka asubuhi kifaa kinasema umepanda wakati ulikuwa umelala.

Simu

Simu nzuri ina kioo kikali kuliko hizi zote, na siyo kweli kwamba bila mtandao GPS ya simu haifanyi kazi, inafanya, inapokea mawimbi yale yale kutoka setilaiti zile zile, mtandao unasaidia tu kuanza haraka. Tangu 2018 zimeanza kutoka simu zinazosikiliza masafa mawili kama 65s, ya kwanza ilikuwa Xiaomi Mi 8. Ukiweka programu ya ramani kama OsmAnd au Organic Maps ukapakua ramani kabla ya kuondoka una ramani ya kina ya bure, kuitafuta na kuipanga njia ni rahisi mara kumi.

Kwa matembezi ya siku moja, hali ya hewa nzuri, njia inayojulikana, sitamwambia mtu atoe pesa anunue kifaa kingine, simu na pawa benki zinatosha. Shida ya simu inaanza mambo yakiwa mabaya, mvua, baridi, jua kali, mikono imelowa, na juu ya yote ni kwamba ile simu ndo pia ya kupigia msaada. Ikitumika kwa ramani kutwa nzima halafu ikaisha chaji jioni mtu kaumia, umepoteza vitu viwili kwa mkupuo. Hiyo ndo sababu ya kweli ya kuwa na GPS pembeni.

Kuhusu kuita msaada, kuna 67i na Montana 700i ambazo zina inReach ndani, zinatuma meseji na SOS kupitia setilaiti za Iridium hata pasipo mtandao wa simu kabisa. Ni kitu kizuri mno kwa anayekwenda peke yake mbali, ila kina malipo yake ya huduma, bila kulipia hakifanyi kazi, kwa hiyo bei ya kifaa siyo bei yote.

Nani achukue ipi

Anayetembea kwa miguu, mizigo anaihesabu kwa gramu, safari za siku chache, sehemu za wazi: eTrex 32x, ina gramu 142 na betri zake, ramani yake inasomeka vizuri kwa ukubwa wake, ni ya bei nafuu kati ya hizi nne. Uvumilie tu polepole yake, ukipakia ramani nzito inachora kwa kusuasua, zima kivuli cha milima na upunguze kiwango cha maelezo itachangamka.

Anayefanya kazi msituni na anataka betri za AA: 65s. Anayekaa nje siku nyingi na anaweza kulipa: 67, gramu 230, na kama ningeambiwa nichague moja tu ya kumpa mtu nisiyejua anakwenda wapi ningempa hii, kwa sababu ya kioo, picha za setilaiti na ile betri. Montana 700 ni karibu gramu 400, hiyo ya kwenye usukani, au ya kiongozi wa kundi, au ya mwenye macho yaliyochoka, mfukoni mwa shati haikai.

Ukinunua iliyotumika, angalia mambo mawili. Kwanza tarehe. Hesabu ya wiki ya mfumo wa GPS ilijirudia sifuri tarehe 6 Aprili 2019, vifaa vya zamani ambavyo programu yake haikusasishwa vinaweza kuonyesha tarehe ya miaka karibu 20 nyuma, na ukiikuta hiyo uliza kama programu mpya ipo kabla hujatoa pesa. Pili, ramani za kulipia zilizopakuliwa mara nyingi huwa zimefungwa kwenye kifaa kimoja, kwa hiyo muuzaji akikwambia atakupa na kadi yenye ramani ya maana, mwambie aiweke kwenye kifaa hicho hicho mbele yako, aiwashe, aivute karibu mpaka uone kontua, maana kadi ikiwa imetoka kwenye kifaa kingine, hiki unachonunua kinaweza kusoma jina la ramani na kukataa kuifungua.